Mikono Kwenye Picha ya Kumi

Nilikwenda kwa sababu nilichoka kukaa nyumbani. Sababu nyingine sina.

Ijumaa ile, baada ya alasiri, klabu yetu ya kamera ilikusanyika mtaani Azaiba, huku Uarabuni, magari sita, kwa mchezo wa kusaka picha. Kila gari watu wawili na orodha ya vitu kumi: mnara wa kale, punda aliyefungwa, mlango wa buluu, na mengineyo. Unaendesha mashambani, unatafuta, unapiga, unarudi kabla ya isha. Mshindi hupewa kikombe cha plastiki na kupigiwa makofi. Kwa mtu anayekaa wiki nzima wizarani Al Khuwair akigonga mihuri, hata hilo ni jambo.

Mwenzangu alikuwa Elijah, Mkenya fundi wa viyoyozi, maneno mengi, moyo mwepesi. Mimi nilishika usukani, yeye orodha na kamera.

Jua lilipoanza kuzama tulikuwa na picha tisa. Ya kumi iliandikwa: "Mikono inayofanya kazi."

"Boss, hiyo ni rahisi," Elijah alisema. "Tupate tu mtu shambani, khalas, tumeshinda."

"Nimechoka, Elijah. Turudi."

"Wewe umechoka tangu nikujue. Ingia hapo kushoto."

Nikaingia. Njia ya vumbi ilitufikisha kwenye kijiji cha zamani chini ya mlima, nyumba za udongo zilizobomoka, na nyuma yake bustani ya mitende. Hakukuwa na gari. Hakukuwa na mbwa, wala redio, wala adhana, ingawa magharibi ilikuwa imeshaingia.

Tulisikia sauti moja tu.

Khwish... khwish... khwish...

Mundu ukikata majani.

"Umesikia?" Elijah alinong'ona kwa furaha. Sijui kwa nini alinong'ona.

Tulipita penye ukuta uliobomoka. Harufu ikanipiga kabla sijaona kitu. Karafuu maiti. Harufu hiyo siichanganyi na nyingine. Miaka mitatu iliyopita ilinikaa nguoni wiki nzima, tulipomzika mdogo wangu wa kike, Shatha, aliyeondoka kwa homa ya siku mbili.

Lazima niseme jambo hapa, maana nimelibeba mno. Mimi ndiye niliyeshuka kaburini kumpokea Shatha. Nilipomlaza na kulegeza mafundo ya sanda, kitu kilinichoma kiganjani. Nyumbani nikakitoa kwa sindano: kijiti cha mtende. Na alikuwa mzito, mzito na mgumu... Wazee wa huku husema wapo wasiokufa, ila huchukuliwa na wachawi wakafanyishwe kazi, na kinachozikwa ni gogo. Wao humwita mughayyab, sisi Waswahili tunasema msukule. Mama aliyasema hayo tangu siku ya kwanza. Aliniuliza, "Uso wake uliuona?" Nikasema niliuona. Sikuuona. Nilikuwa nimechoka, jua kali, watu wanangoja. Nilisema uongo ili tupate kulala.

Tangu hapo nyumbani kwetu hakuna aliyelala.

Bustanini walikuwapo watu kama kumi, wanaume kwa wanawake, wameinamia majani ya mifugo, wanakata. Hakuna aliyesema neno. Hakuna aliyejifuta jasho. Wa karibu yetu alikuwa mwanamke, ametugeuzia mgongo, mtandio umemfunika uso.

"Salaam aleikum, mama," Elijah alisema. "Naomba picha ya mikono tu."

Hakujibu. Elijah akazunguka mbele yake, akachuchumaa, akapiga. Taa ya kamera ikawaka.

Nikaiona ile mikono. Kidole cha mwisho cha kushoto kilikuwa kimepinda kwa nje. Kidole kile nilikipinda mimi, nilipokuwa na miaka saba, nilipombamizia Shatha mlango wa gari la baba.

Nikafungua mdomo nimwite.

"Usimwite."

Mzee mfupi alikuwa amesimama ubavuni kwangu, bakora mkononi, kilemba safi kabisa. Sikumsikia akija. Alinong'ona kwa Kiswahili, Kiswahili kilekile cha nyumbani kwetu.

"Hawa hawaitwi majina. Anayeitwa hufuata. Na akifuata, harudi kuwa alivyokuwa."

Jina lilikuwa ulimini mwangu. Mwanamke akasita. Mundu ukabaki hewani, kichwa kikainuka kidogo... Alikuwa anasikiliza. Naapa, alikuwa anangoja.

Nikalimeza jina.

Khwish.

Akaendelea kukata.

Nilimvuta Elijah mkono mpaka garini. Taa za barabara kuu zilipoonekana ndipo nilipoweza kusema. "Wale watu wote... na yule mzee..."

"Mzee gani?" Elijah alicheka, kisha akaacha kucheka. "Boss, mimi niliona mathe mmoja tu, yule niliyempiga picha."

Tulishinda. Sikushuka kupokea kikombe.

Nilifika nyumbani Al Khoudh, nikafunga geti, nikaingia. Mama alikuwa sebuleni. Sahani ya Shatha ilikuwa mezani, kama kila siku. Nilikusudia kunyamaza, na kunyamaza nimekuzoea. Nikafungua simu niifute ile picha ya mikono, ambayo Elijah alikuwa ameshanitumia. Mama akaniwahi.

"Waficha nini? Nipe nitazame."

Sikuwa na nguvu ya kubishana. Nikampa. Akaikuza kwa vidole viwili, akaisogeza karibu na miwani.

"Kidole hiki nnakijua," alisema. Hakulia. "Muatasim. Kule kaburini, uso wake uliuona?"

"La, mama."

Akaiweka simu mezani, kando ya sahani ya Shatha. Heri angenipiga kofi.

"Miaka mitatu umemwacha huko, mwanangu?"

"Mama, tafadhali, usimwite. Yule mzee kasema..."

"Shatha," mama akaita, taratibu, kama alivyokuwa akimwamsha kwenda skuli. "Shatha, njoo mama."

Kiyoyozi kikazima chenyewe. Kimya...

Kisha ile harufu, ikipenya chini ya mlango. Karafuu maiti.

Kisha nje, kwenye chuma cha geti:

Khwish... khwish...

"Muatasim..."

Sauti ni yake, ila imekauka, haijatumika siku nyingi.

"Muatasim... mbona hukuniita?"

Mama amesimama sasa. Anatafuta ufunguo wa geti mezani, chini ya mito, ndani ya mkoba wake. Analia kwa furaha, anamwambia aliye nje asubiri kidogo tu. Naogopa. Sijui ni nani amesimama pale, wala amebakiwa na nini cha ndugu yangu. Mama ananigeukia, ananiuliza ufunguo nimeuweka wapi, na mimi nimeufumbata kiganjani, palepale kiliponichoma kile kijiti.