Vijana wa Kugawa Soda

Siku Tryphosa alipokutana na Manasseh, alikuwa akimfokea mtu wa boda boda katikati ya Ogembo. Jamaa alikuwa amepita mbio na kumwaga sukumawiki za mama mmoja, na Tryphosa, na gauni lake la manjano limerukiwa matope hadi magotini, akamwamuru aziokote zote mbele ya watu. Haki, aliziokota! Mwanamume mrefu mwenye suti ya kijivu akasimama kando akicheka.

"Na wewe unacheka nini?"

"Nimehubiri utaratibu hapa mwaka mzima, dada. Mimi ni afisa wa serikali na hawajawahi kunitii hivyo."

Wakaishia kunywa chai. Chai ikaleta simu, simu zikaleta mapenzi.

Tryphosa alifundisha historia na fasihi katika chuo kimoja upande wa Masimba, na ndani ya masomo hayo alifundisha uongozi. Si ule wa kukariri vifungu vya katiba. Wanafunzi wake waliigiza mabaraza ya zamani, wakabishana hadi kengele, wakaenda kuwahoji bibi zao. Muhula huu walikuwa wamewasikiliza wanawake wa soko la jirani kuhusu choo walichoahidiwa tangu mabinti zao wakiwa mgongoni. Wakatunga mchezo. Kila jioni Tryphosa alimsimulia Manasseh kwenye simu, nani ameigiza vizuri, nani amelia.

"Mwalimu wangu, hao watoto wako watatupindua."

"Jipangeni basi, mpenzi."

"Walete kwa kikao cha bajeti. Mimi ndiye nitakayekiendesha. Nitawapa nafasi."

Nafasi yenyewe ndiyo hii: walipofika ukumbini, wamepiga pasi mashati, mistari wameikariri hadi ndotoni, walikabidhiwa aproni na kreti za soda. Manasseh akashika maikrofoni. "Vijana wetu wa chuo wamekuja kutuhudumia. Tuwapigie makofi!" Wazee wakapiga makofi. Edinah, aliyekuwa kiranja wa mchezo, akainua mkono huku sinia likiwa kwenye ule mwingine.

"Binti, kwanza wazee wapate soda," Manasseh alisema, na watu wakacheka.

Soda zikanywewa, maombi yakaombwa, kikao kikafungwa. Tryphosa alihisi masikio yakiwaka. Angeweza kumrukia pale pale.

Simu ilianza kuita kabla hajafika nyumbani. Akaiacha iite hadi ikamchosha.

"Unataka nini?"

"Mrembo, usikasirike. Ratiba ilibanwa. Nilijua watafurahi tu kuwa karibu na viongozi."

"Karibu na viongozi! Umewafanya weita, Manasseh!"

"Ai, si umewahi kuniambia uongozi ni utumishi?"

"Usinirudishie maneno yangu! Wewe ulinipenda nikigombeza wengine. Sasa nikiuliza serikali yako, mimi ni wa kugawa soda?" Akakata.

Alhamisi Manasseh akaja chuoni mwenyewe, suti ile ile, kiboksi cha pete kikituna mfukoni. Tryphosa hakumpa kiti cha wageni. Akamketisha kwenye dawati, mbele ya darasa zima.

"Uliowakosea ni hawa. Waambie hawa."

Manasseh akakohoa, akaanza mambo ya mchakato na wadau. Edinah akasimama.

"Bwana afisa, samahani. Ulijua mchezo wetu unahusu nini?"

Manasseh akamtazama Tryphosa, kisha akatazama viatu vyake.

"Nilijua. Choo kilikuwa kimeshaondolewa kwenye bajeti. Mheshimiwa mmoja aliniambia hataki kelele siku hiyo. Nikaona mkiwa na kazi ya mikono, hamtapata muda wa kusema." "Niliogopa. Ndiyo hivyo."

Kumbe haikuwa ratiba! Yale yote aliyomsimulia jioni akiwa amejilaza, akicheka, akiitwa mwalimu wangu, ndiyo yaliyotumika kuwafunga wanafunzi wake midomo. Tryphosa alitoka nje ya darasa. Manasseh akamfuata hadi mlangoni, kiboksi kimefunguka mkononi.

"Tryphosa, nimesema ukweli mbele ya watoto. Umesikia. Nimeshaomba kikao kifunguliwe tena, na wakinifuta kazi wanifute. Nifanye nini tena? Olewa na mimi."

"Kikao ni deni lako kwa hao wamama. Usiniletee kama mahari."

"Kwa hiyo hunipendi?"

"Nakupenda, na hilo ndilo linaniudhi!" Machozi yalimtoka, ya hasira zaidi kuliko huzuni, akayafuta kwa kiganja chenye chaki. "Nimekusamehe woga, maana hata mimi huogopa. Lakini nikivaa hiyo pete, kila jioni nitakuwa nachagua la kukuambia na la kukuficha. Mimi nataka mume ninayeweza kumsimulia siku yangu yote."

"Nipe muda basi."

"Chukua. Hicho kikao kifungue, hata kama mimi simo maishani mwako. Hapo nitajua ulikifungua kwa ajili ya nani."

Manasseh akafunga kiboksi na kuondoka bila kuaga. Tryphosa alitamani sana ageuke. Hakumwita. Akaingia darasani, sauti ikiwa bado inakwaruza, akawaambia wanafunzi wasogeze madawati ukutani, mchezo uanze upya kuanzia mwanzo.