Chupa ya Kogo Chini ya Kitanda

Mimi, Monicah wa Roret, sijawahi kusema uongo tangu nizaliwe. Haya, huo ulikuwa wa kwanza leo. Tuendelee.

Wiki ile nililazwa hospitalini, maji yamejaa kati ya pafu na mbavu. Daktari alinitia mpira ubavuni, ukashuka hadi kwenye chupa ya maji sakafuni. Kila alasiri mjukuu wangu Chemutai, wa gredi ya sita, alitoka shuleni akaja kuyatazama maji ya mpirani. Nikivuta pumzi, yanapanda. Nikitoa, yanashuka.

"Hiyo ndiyo mizani ya kifua," Sista Wakonyo, muuguzi wa wodi, alimwambia. "Inatuonyesha nguvu inayolivuta pafu. Chupa isiinuliwe kamwe."

Chemutai aliitikia. Lakini kwetu kibuyu cha maziwa ya mursik hakiachwi sakafuni. Mfagiaji alipoanza kupiga deki, mtoto akaona haya chombo cha kogo wake, yaani nyanya yake, kikae kwenye maji machafu. Akakipandisha juu ya kabati, juu kuliko kifua changu.

Maji yakarudi mpirani mbio. Nikakohoa mpaka machozi. Chemutai akaishusha chupa, akakaa kama hajui lolote.

Sista alifika, akainama. Maji yalikuwa yamepungua chini ya alama ya plasta aliyoibandika kwenye chupa. "Nani ameinua chupa? Maji haya yakirudi kifuani yanaleta ugonjwa. Lazima nijue sasa."

"Hakuna aliyeigusa," Chemutai akanong'ona.

Nikamwonea huruma. "Ni mimi, Sista. Nilisikia kiu, nikanywa."

"Ulikunywa maji ya kifua chako?"

"Kidogo tu."

Chemutai akaangua kilio. "Kogo ananifichia! Ni mimi niliinua. Nilidhani ni heshima. Asife, Sista!"

Sista alisikiliza kifua changu, akamwita daktari. Nikapewa dawa, chupa ikabadilishwa. Maji yakaanza tena kupanda na kushuka polepole. Ndipo Sista akamshika Chemutai bega.

"Kila mtu hukosea, mtoto wangu. Lakini ukinificha ukweli, natibu bila kuona. Umesema ukweli mapema, ndiyo maana kogo wako anapumua vizuri."

Kisha akanigeukia. "Na wewe, shosho, chupa yenye kifuniko uliinywaje?"

Nikafumba macho, nikakoroma kwa bidii, kicheko nimekibana tumboni.

"Shosho," akasema, akichungulia chini ya kitanda, "maji yanarukaruka. Aliyelala hapumui hivyo."