Mgeni wa Bima na Usafi wa Bi Kuluthumu

Bi Kuluthumu wa Karatu alipenda usafi. Nasema alipenda usafi kwa heshima. Majirani zake walikuwa na maneno mengine. Karatu ni nchi ya udongo mwekundu. Kiangazi ni vumbi, masika ni matope. Lakini sakafu ya Bi Kuluthumu ilikuwa safi saa zote. Mgeni alivua viatu barazani, awe mkubwa, awe mdogo. Mumewe Hamidi alikuwa na duka mbele ya nyumba, naye pia alivua.

Mwaka ule, muda mfupi baada ya Uhuru, binti yao Mwajabu alikuwa na mimba yake ya kwanza. Alikuwa ameolewa Kansay. Kwa desturi yao, angekuja kujifungulia kwa mama yake. Bi Kuluthumu akamtengenezea chumba cha nyuma. Alipaka chokaa, akatandika godoro jipya, akashona mapazia kwa cherehani yake. Cherehani hiyo ndiyo iliyomnunulia hilo godoro, maana alishona magauni ya wanawake wa mjini na wa mashambani.

Basi ikaja dhoruba. Ilikuwa mchana, watu wanakula. Upepo uling'oa mabati ya chumba cha nyuma, mvua ikamwagika ndani. Mbao za dari zikaangukia kitanda. Godoro likalowa chapachapa. Plasta ya ukutani ikaanza kubanduka.

Hamidi alipanda juu na turubai la duka, akaziba tundu. Aliposhuka, akalitazama godoro lililolowa. Kisha akasema jambo ambalo mkewe aliliogopa. Fedha za mabati na mbao hazikuwa na pa kutoka. Ingebidi cherehani iuzwe. Bi Kuluthumu alikwenda akaifunika cherehani kwa khanga, kama vile anamfunika mtoto.

Kesho yake Hamidi akakumbuka bima. Kila mwaka alilipa ada kwa kampuni moja ya Arusha, na kila mwaka mkewe alinung'unika kwamba wanalipia hewa. Alitoa hati ya bima sandukuni, akaisoma taratibu. Nyumba na vyombo vyake vilikuwa na bima ya moto na ya dhoruba. Siku hiyo hiyo akaiandikia kampuni, akaeleza kilichotokea na vitu vilivyoharibika. Barua akampa dereva wa basi. Jibu nalo likarudi kwa basi: mkaguzi wa bima angekuja Alhamisi kuitazama hasara.

Hapo Hamidi alifanya vema. Lakini mkewe alimwambia hivi tu: Alhamisi tuna mgeni kutoka Arusha.

Ah, nyinyi mmeshamjua Bi Kuluthumu. Umwambie mgeni anakuja, halafu akae? Jumatano alidamka na jembe, ndoo na ufagio. Mbao za dari akawagawia majirani wapikie. Godoro akalitupa kwenye shimo la taka. Akakoroga udongo, akaanza kuukandika ukuta upya. Alikuwa amefika nusu alipobisha hodi Antonia, mkulima wa ngano wa Mbulumbulu, aliyekuja kuchukua gauni lake la Pasaka. Zamani Antonia alikuwa karani katika shamba kubwa la ngano, na mambo ya bima aliwahi kuyaona kwa macho.

Alipoelezwa ni mgeni gani anayekuja, akamshika Bi Kuluthumu mkono, na udongo wake wote.

"Acha kwanza, Mama Mwajabu. Mtu huyo anakuja kuona hasara. Ukiificha, ataona nini?"

"Dada Antonia, nimwingize mgeni kwenye uchafu huu? Atasema nyumba ya Hamidi haina mwanamke."

"Atasema nyumba ya Hamidi imepigwa na dhoruba. Nasi ndivyo tunavyotaka aseme."

Antonia akamweleza. Kule shambani ghala liliwahi kulowa, na mwenye shamba akaona haya, akasafisha na kupaka rangi. Mkaguzi alipofika alikuta ukuta mweupe. Akafunga mkoba wake, akaenda zake, na mwenye shamba hakulipwa kitu. Mkaguzi yule hakuwa mtu mbaya, alisema Antonia. Kuziba paa na kukausha maji ni sawa, tena ni lazima, ili hasara isizidi. Lakini kilichoharibika kisitupwe wala kisitengenezwe mpaka mkaguzi akione. Na stakabadhi ya godoro itafutwe. Tena mtu asiongeze hata kitu kimoja ambacho hakikuharibika.

Bi Kuluthumu akaketi chini. Alisema kwa sauti ndogo kwamba mbao amezigawa kuni, na hapo machozi yakamtoka. Aliiona cherehani yake ikienda.

Antonia akajifunga khanga kiunoni. Wakapita nyumba kwa nyumba. Mbao nyingine zilikuwa jivu, nyingine walizitoa mekoni zinafuka moshi. Godoro wakalivuta kutoka shimoni. Maisha yake yote Bi Kuluthumu alitoa takataka nje. Siku ile aliziingiza ndani, uso ameuinamisha kwa aibu.

Alhamisi mkaguzi akafika, kijana mpole aitwaye Wilibrodi. Alipima tundu la paa. Alibonyeza godoro. Alizitazama mbao zilizoungua ncha, akashangaa kidogo. Alipouliza kama bidhaa za dukani zililowa, Hamidi alisema hapana. Kisha akaugusa ule ukuta uliokandikwa, akauliza habari yake.

Bi Kuluthumu akajibu mwenyewe. "Nimeukandika mimi, mwanangu. Nilikuonea haya."

Wilibrodi akacheka kwa upole. "Mama, nisichokiona siwezi kukiandika. Lakini hivi ninavyoviona vinatosha."

Nusu ile ya ukuta haikulipwa, na Hamidi hakulalamika. Mengine yote kampuni ililipa: mabati, dari, godoro, na ukuta uliobaki. Cherehani haikutoka nyumbani. Mwajabu akaja, akajifungua mtoto wa kike salama katika chumba kikavu. Bi Kuluthumu alimshukuru Mungu kila alipomwosha mtoto yule, na kila aliposhukuru alimtaja Antonia. Ada ya bima sasa yeye ndiye aliyeikumbusha, kabla Hamidi hajafumbua mdomo.

Siku moja ya mvua Antonia akaja kumwona mtoto. Alibeba unga wa ngano, na viatu vyake vilikuwa vimejaa matope ya Mbulumbulu hadi juu. Akainama barazani avivue, kama watu wote.

"Usivue, dada," Bi Kuluthumu alisema kutoka ndani. "Ingia hivyo hivyo."

Dukani, Hamidi aliacha kupima sukari akasikiliza. Antonia akasema ataichafua sakafu.

"Ichafue. Bila wewe, mjukuu wangu angelala wapi?"

Antonia akaingia, akapewa mtoto. Nyayo zake nyekundu zilibaki sakafuni mpaka siku ya pili, na Bi Kuluthumu hakumruhusu mtu yeyote kuzifuta.