Safisha Vizuri

Kila Jumamosi asubuhi nilifagia uwanja wetu wa Magomeni, nikaosha vyombo, kisha nikamfuata baba dukani kwake Kariakoo kumsaidia. Baba yangu, Leodegar, aliuza mabeseni na ndoo kwa jumla. Miaka ile simu zenye memori kadi ndiyo kwanza zimejaa mjini, naye alikuwa nayo, ila ilikuwa imeanza kumsumbua. Kila akitaka kupiga picha ya mzigo, inamwambia nafasi imejaa.

"Klara, nenda kwa mafundi pale Msimbazi wakubadilishie kadi," aliniambia. "Waweke kubwa. Lakini mwambie fundi ahamishe kwanza vyote vilivyomo. Umesikia? Sauti ya bibi yako imo humo."

Nilisikia vizuri sana. Bibi Severa, mama yake baba, anaishi Rombo. Mwaka uliotangulia alipata kiharusi, na tangu siku hiyo hakuweza kusema hata neno moja. Kabla hajaugua, baba alikuwa amemrekodi akitusalimia sisi wajukuu. Sauti yake ilikuwa imebaki kwenye hicho kikadi tu.

Nilimkuta fundi mmoja kijana, anaitwa Ramadhan. Mbele ya meza yake walisimama wasichana wawili wa sekondari.

"Mambo, mdogo wangu?"

"Poa. Nataka kadi kubwa kuliko hii."

"Ya jibii nane ipo. Hii ya zamani uniachie, nikupunguzie bei."

Nikakubali. Akaichomoa kadi, ina vumbi la mfukoni mwa baba. Akauliza, "Niisafishe?"

Hapa nitasema ukweli, ingawa unaniudhi. Maneno ya baba nilikuwa nayo mdomoni kabisa. Lakini wale wasichana walikuwa wananitazama, nami sikutaka kuonekana mshamba. Nililiona lile vumbi, nikadhani anataka kulipangusa.

"Safisha vizuri," nikasema, tena kwa maringo.

Alipomaliza, nikaifungua simu. Nikakuta nyimbo nyingi alizoniwekea kama zawadi. Sauti ya bibi hakuna.

"Kaka, vitu vya baba viko wapi?"

"Si umesema nisafishe?" Akacheka. "Kusafisha ni kufuta kila kitu. Kariakoo nzima inajua."

Hasira ikanipanda. Eti Kariakoo nzima inajua. Mtu mzima na akili zake anaona mtoto kaleta simu ya baba yake, anafuta vitu vya watu bila hata kuuliza kama vimehamishwa, halafu anamcheka. Nikamwambia anirudishie kadi yetu ya zamani.

"Nimeshaanza kuitia nyimbo. Kuna mteja anaisubiri."

"Basi siondoki," nikasema, nikaishika meza yake kwa mikono miwili. Nilikuwa nalia, lakini sikuiachia.

Kelele zetu zikamtoa nje Mama Harshida, mwenye duka la kompyuta la jirani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti. Kuna nini?"

Nikamweleza yote. Akamgeukia Ramadhan. "Chomoa hiyo kadi sasa hivi. Vitu vikifutwa bado huwa vimo, mpaka uweke vingine juu yake. Wewe ni fundi, hilo unalijua."

Ramadhan akaichomoa, akampa. Mama Harshida akaiweka kwenye kompyuta yake, tukasubiri zaidi ya saa nzima. Zikaanza kurudi picha za mabeseni. Mwishoni ikatokea sauti.

"Steven, hujambo mjukuu wangu? Rachel, msaidie mama yako kazi..."

Ikakatika. Baada ya hao ndugu zangu wawili, jina langu ndilo lililokuwa linafuata. Nyimbo za Ramadhan zilikuwa zimekaa mahali pake. Mama Harshida alijaribu tena mara tatu, haikuwezekana. Vilivyopatikana akavihamishia kwenye kadi yetu mpya.

Alimwita Ramadhan aje asikilize. "Angekuwa mzee mwenzangu ungemweleza maana ya kusafisha," alimwambia. "Kwa kuwa ni mtoto, ukaona unajisumbua bure." Ramadhan akainamisha kichwa, akaniomba radhi. Nilimwitikia kwa shida. Bado nilikuwa na hasira naye.

Nilirudi dukani nikamsimulia baba kila kitu, na maringo yangu nikayataja. Akaisikiliza ile sauti mara mbili, kisha akaizima simu.

"Yule fundi nitakwenda kuzungumza naye mwenyewe, maana kazi haifanywi hivyo," alisema. "Lakini na wewe, Klara, ulisikia neno usilolijua ukaitikia. Ungeuliza, wangekucheka kidogo, halafu wangesahau. Ukiwa hujui, sema hujui, hata uwe mbele ya nani."

Akanitazama, sauti yake ikapungua.

"Mengine yote tumeyapata, mwanangu. Lakini jina lako, bibi hawezi kulitaja tena."