Jichoanga Halina Mtani

Jichoanga lilishuka taratibu kutoka kwenye paa, likasimama hewani juu ya barafu. Ukubwa wake haukuzidi sufuria ya ugali, lakini lilihesabu mapigo ya moyo ya kila mchezaji aliyekuwa chini yake, likapima nguvu ya kila gongo lililogusa kisahani kinachochezwa badala ya mpira, likasoma midomo na kusikia hata mnong'ono. Wakati huo Njombe, mji uliojulikana zamani kwa viazi na baridi, ulikuwa umejengewa uwanja wa barafu, na ligi daraja la pili ya magongo ya barafu ilichezwa hapo kila Jumamosi.

Levina Kikoti alikaa karibu na kioo cha uwanja, amejifunga blanketi mabegani. Alikuwa msaka vipaji wa klabu kubwa ya Dodoma. Sheria ya ligi kuu ilisema hakuna chipukizi atakayepandishwa wala kukataliwa bila mtu wa damu na nyama kumtazama akicheza, kisha kuweka kidole chake chini ya taarifa ya jichoanga. Sheria nzuri kwelikweli. Ila miaka ilivyokwenda, wasaka vipaji waligeuka kuwa muhuri tu, na muhuri haubishani na karatasi.

Siku hiyo alikuja kumtazama Osmund Gama, winga wa timu ya Songea. Dakika za mwanzo zilimtosha kujua kwamba hakupoteza safari. Kijana aligeuka vibaya upande wa kushoto, hilo alilikiri, lakini aliona pasi kabla njia haijafunguka, na kisahani kilimtoka gongoni kabla kipa hajakaa sawa. Alipotolewa kupumzika, yeye ndiye aliyewapelekea wenzake maji. Mambo kama hayo hayaonekani kwenye picha, ndiyo maana Levina alipenda kuja mwenyewe.

Upande wa Iringa alikuwepo beki aitwaye Erasto Kihwele. Wiki ileile alikuwa amemzika baba yake. Alicheza kama mtu aliyeazimwa mwili, na wenzake hawakujua la kumwambia. Osmund akambana kwenye ubao wa ukingoni mwa uwanja, wakagombea kisahani, kisha akapaza sauti uwanja mzima ukasikia.

"We Mhehe! Baba yako kapewa ruhusa na nani ya kufa? Mtumwa anaondoka hata mabwana zake hajawaaga? Kuni zetu nani atapasua?"

Erasto alisimama kidogo, akamtazama. Kisha akaanza kucheka huku machozi yakimtoka.

"Toka hapa, mkimbizi! Mlitoka kusini mbio mbio, mpaka leo hamjapumua!"

Levina naye alicheka kwa sauti. Yeye ni Mhehe wa Kalenga, na kwao kila mtu anajua kwamba Mngoni ni mtani. Msiba ukitokea, mtani ndiye anayemtukana marehemu, anayeidai sahani ya nyama, anayejilaza kaburini akikataa kutoka, ili wafiwa wasife kwa majonzi. Baada ya hapo Erasto alicheza kama amefunguliwa kamba.

Taarifa ya jichoanga ikaja mkononi mwa Levina mchezo ulipoisha. Kasi: bora. Kuona uwanja: bora sana. Tabia: ukatili wa maneno kwa mfiwa. Uamuzi: asipandishwe, avishwe bangili-sikizi mwaka mzima. Bangili hiyo hufungwa mkononi na haivuliki, husikiliza kila neno la aliyeivaa, na neno moja baya humfungia ligi zote maisha.

Akampigia Bwana Shemhilu, mkuu wake.

"Bwana, ule ulikuwa utani. Mngoni na Mhehe."

"Najua ni utani, Levina. Mimi si mtoto. Lakini mashine imefundishwa huko kusiko na watani."

"Basi napinga."

"Pinga. Utaitwa mbele ya jopo, na jopo litaiuliza mashine hiyohiyo. Mwenzako Tweve alipinga mwaka jana. Umemwona tena hapa kazini?"

Levina alikata simu. Mama yake alikuwa amelazwa katika hospitali ya klabu, na kitanda kile ni cha ndugu wa wafanyakazi tu. Akatazama barafu ikisafishwa. Akaweka kidole.

Mlangoni alikutana na Osmund, begi begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umecheza vizuri."

"Nimeambiwa wewe ni Kikoti, Mhehe. Kumbe mtumwa wetu!" Akacheka. "Basi nibebee begi hili mpaka Dodoma."

Levina alijilazimisha kucheka. Angeweza kumwambia palepale. Hakumwambia, na njia nzima ya kurudi alijiona mwizi.

Mama yake alifariki kabla ya mvua za kwanza, katika kitanda kilekile. Kidole alichokiweka hakikumwongezea mama hata pumzi.

Mazishi yalifanyika Kalenga. Watu walijaa, wakalia, wakaishiwa sauti, kisha wakaanza kutazama njia wakisubiri watani. Wangoni wa mjini walikuja kweli, wakaketi kimya pembeni. Waajiri wengi walikuwa wameipenda bangili-sikizi, na kila mmoja wao alikuwa nayo mkononi.

Kisha akaingia Osmund Gama. Alikuwa amesafiri kutoka Songea. Moyo wa Levina ukaruka kwa furaha aliyoionea aibu, akainuka kumpokea.

"Umekuja, Mngoni! Nitukane. Mtukane mama. Tangu jana hakuna aliyetuchekesha, tunakufa humu ndani."

Osmund alitazama mkono wake. Kisha akainamisha kichwa na kusema polepole, kama anayesoma tangazo la redio:

"Poleni sana kwa msiba, mama. Mungu ailaze roho ya marehemu mahali pema."

Bangili ikawaka kijani. Mzee mmoja akasema huyu kijana ana adabu.

Levina alimshika mkono, akamvuta kando.

"Ni mimi niliyeweka kidole. Niliona, nilielewa, nilicheka mwenyewe, na bado niliweka."

"Najua, mama. Jina lako lilikuwa chini ya taarifa."

"Sasa umekuja kufanya nini?"

"Wewe ni mtani wangu. Mtani hanuniwi, na msiba wake haususiwi."

Akavua viatu, akaketi mkekani kati ya wafiwa, mikono magotini. Alikaa hapo mpaka mama aliposhushwa kaburini, na hakumpa Levina hata tusi moja.