Maji ya Sabuni Chini ya Mti

Kila Jumamosi asubuhi, wenzangu wakiwa bado wanajinyoosha vitandani, mimi nilikuwa nimeshapanga foleni bombani. Nilitakiwa kuteka ndoo tatu za maji safi na kuumwagilia mti uliokuwa mbele ya nyumba yetu. Watu wazima walinipa kazi hiyo kwenye kikao cha mtaa bila hata kuniuliza. Ilinikera kweli kweli.

Mtaa wetu ulikuwa na mti mmoja tu, na mvua kwetu ilinyesha miezi miwili kwa mwaka. Siku moja mwalimu wa sayansi alitupa kipimajoto tupime lami. Juani ilifika nyuzi hamsini na tatu, kivulini thelathini na sita. Alitueleza kwamba kivuli huzuia lami isipate moto, na majani hutoa unyevu unaopoza hewa. Bibi yangu hakuhitaji kipimajoto. Ikifika saa nane mchana chumba chake kilikuwa tanuri, naye alibeba mkeka wake akaenda kukaa chini ya mti, karibu na benchi la fundi baiskeli.

Fundi huyo alipenda utani. Aliniita Chapuchapu, kwa sababu kila kazi niliilipua.

Jumamosi moja foleni haikusogea, na jua lilinichoma utosi. Nilirudi na ndoo tupu. Uani nikakuta beseni la maji ambayo mama alifulia shuka, yamejaa sabuni na dawa ya kutoa madoa. Maji ni maji tu, nikajisemea. Nikayamwaga shinani, nikamwambia mama kazi imekwisha. Jumamosi iliyofuata nikafanya vile vile, na zilizofuata pia.

Baada ya miezi miwili majani yalikauka kingoni, kisha yakapukutika. Bibi alihamisha mkeka huku na huku akifuata kivuli kilichobaki. Siku moja akazidiwa na joto, tukamkimbiza zahanati. Alirudi salama, lakini mtaa mzima ulipandwa na hasira, na lawama zote zikamwangukia fundi.

"Ni mafuta yako haya," mwenyekiti wa mtaa alimwambia. "Utafute pengine pa kufanyia kazi."

"Mwenyekiti, mafuta machafu nayatia kwenye dumu. Hata tone simwagi."

"Kama si wewe, ni nani?"

Nilikuwa mlangoni, nasikia yote. Nilimkasirikia fundi kwa kutojitetea zaidi. Niliwakasirikia watu wazima kwa kunitwisha kazi ile. Nilimkasirikia kila mtu isipokuwa mwenye kosa.

Kesho yake mama alimwita bwana miti, yule anayetunza miti ya barabarani. Mbele ya mwenyekiti na fundi, alipiga magoti, akakwangua udongo kwa kisu. Juu yake palikuwa na ukoko mweupe. Akanusa.

"Hapa hapana mafuta," alisema. "Hii ni sabuni, tena na dawa kali. Nani anamwagilia?"

"Binti yangu," mama alijibu. "Ndoo tatu za maji safi kila Jumamosi. Hajakosa hata siku moja."

"Basi ni fundi huyu huyu," mwenyekiti akadakia. "Anaoshea minyororo yake hapa."

Fundi alianza kukusanya spana zake mojamoja na kuzitia kwenye sanduku. Sikuweza kuvumilia tena.

"Ni mimi," nilisema. "Nilichoka foleni. Nilikuwa namwaga maji ya kufulia."

Mama alinitazama hadi nikainamisha kichwa. Niliona aibu kuliko siku yoyote maishani mwangu.

"Bado hatujachelewa," bwana miti alisema. "Mizizi ya chini bado hai. Tutaondoa udongo huu wa juu, halafu maji safi kwa wingi, polepole, yazame yasukume dawa chini."

Tulichimba hadi jioni. Mwenyekiti alimwomba fundi radhi na kumrudisha kwenye benchi lake. Mimi pia niliomba radhi, lakini wiki nzima fundi hakuniita Chapuchapu wala kunitania. Siku machipukizi ya kwanza yalipotokeza, ndiye aliyenionyesha. "Njoo uone," alisema, basi.

Jioni ya siku hiyo hiyo mama alinikalisha karibu naye.

"Kuchoka si kosa, mwanangu. Ungesema, tungepokezana. Ulipoficha, bibi yako akaugua, na fundi nusura afukuzwe kwa kosa lisilo lake. Ukishindwa na kazi, sema umeshindwa."

Jumamosi iliyofuata niliamka na homa. Nilitamani kujikaza na kunyamaza.

"Mama," nikasema, "leo siwezi kumwagilia."

Mama alinishika paji la uso, akanifunika shuka, akachukua ndoo akaenda bombani.