Nyimbo za Bernado Ndani ya Diski

Kila asubuhi Dafroza alitandaza dagaa juu ya nyavu kuukuu, nyuma ya nyumba yao ya Kigera, mjini Musoma. Mama mkwe wake, Bibi Nyangi, alikaa kwenye kigoda na fimbo mkononi. Kazi yake ilikuwa kufukuza bata na kunguru.

"Mama, usisinzie," Dafroza alimwambia. "Jana bata walikula upande mzima."

"Sikusinzia. Nilikuwa nawahurumia."

Hapo zamani wangecheka. Lakini kicheko kilikuwa kimehama nyumba ile tangu Bernado alipofariki. Bernado alikuwa mume wa Dafroza, na mtoto wa Bibi Nyangi. Alikuwa pia mwalimu wa kwaya. Watu wa Kigera walizoea kusikia nyimbo zikitoka sebuleni kwake kila Jumamosi jioni. Sasa Jumamosi ilipita kimya kama siku nyingine.

Zamani Bernado alikuwa karani wa pamba kule Bunda. Miaka ile ofisi nyingi zilifungwa, na wafanyakazi wakaambiwa wamepunguzwa. Vitu vya ofisi vikauzwa kwa bei ya kutupa. Wenzake walichukua mabati na mizani. Yeye alirudi Musoma na kompyuta.

"Wenzako wameleta mabati," majirani walimtania, "wewe umeleta televisheni isiyo na picha."

Bernado hakuwajali. Aliandika nyimbo zake ndani ya kompyuta ile, maneno pamoja na nota. Akamfundisha Dafroza kupiga chapa. Baadaye ugonjwa ulimkondesha, mikono ikaanza kutetemeka, na Dafroza akawa ndiye mwandishi wake.

Wimbo wa mwisho waliuandika hivyo. Bernado alilala kitandani, akataja herufi za nota polepole: do, mi, so. Dafroza alizibonyeza. Yeye hakujua kusoma nota. Vidole viliandika, lakini kichwa hakikushika kitu. Waliandika sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ya nne, ile nzito ya wanaume. Kila sauti iliwekwa peke yake ndani ya kompyuta.

"Huu msiuimbe sasa," Bernado alisema. "Mtauimba nikitimiza mwaka, pale kaburini. Nataka niusikie nikiwa nimepumzika."

Alizikwa kwao Nyegina, mwezi wa kumi na moja. Wanakwaya walimpenda sana. Kwa heshima, walichukua madaftari yake yote ya nota wakayalaza kifuani pake, ndani ya jeneza. Watu wengi walilia walipoona jambo lile. Hakuna aliyejiuliza kama nyimbo zile zina nakala nyingine.

Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa kupita kiasi. Barabara zilikatika, mashamba yakazama. Paa la Dafroza nalo lilivuja, na maji yakadondokea kwenye boksi la kompyuta. Dafroza alilifuta, akalifunika kanga.

Mvua zilipopungua, Boniphace alikuja. Yeye ndiye aliyeachiwa kwaya.

"Mama Hyasinta, tunaomba ule wimbo wa mwalimu," alisema. "Una sauti nne. Tukianza mapema, siku ya kumbukumbu tutakuwa tayari."

Dafroza alifunua kanga, akawasha kompyuta. Haikufunguka. Kioo kilibaki cheusi, na maandishi machache meupe yakasema kwamba diski haionekani. Ndani ya boksi kukatoka mlio: ta, ta, ta. Kama mtu anayegonga mlango wa nyumba isiyo na watu.

Alizima, akawasha tena. Ta, ta, ta.

Boniphace alimtazama. "Madaftari si tuliyazika?"

"Mliyazika," Dafroza alijibu. "Na wimbo huu haukuwamo hata humo. Upo humu tu."

Siku ya pili alikuja Rafaeli, mdogo wake Bernado. Alikuwa fundi redio kule Bweri. Alisikiliza ule mlio, akatikisa kichwa kama daktari.

"Shemeji, hii imeingia unyevu. Dawa yake jua."

"Jua?"

"Betri za redio zikichoka si tunaanikaga? Zinarudi zinaimba. Hii ni ndugu yake."

Basi wakabeba boksi wakaliweka kwenye jua kali, karibu na dagaa. Lilipata moto mpaka mkono haukuweza kuligusa. Jioni wakaliwasha. Ta, ta, ta. Rafaeli akalipiga kofi ubavuni, kama anavyopigaga redio. Akazima, akawasha, akazima, akawasha. Kila mara mlio ulizidi kuwa mkali.

Mwishowe Rafaeli akafungua boksi, akatoa diski yenyewe. Ilikuwa ya chuma, nene kidogo, yaenea kiganjani. Akachukua bisibisi.

"Naifungua niifute ndani. Pengine kuna vumbi tu."

"Weka chini," Bibi Nyangi alisema kutoka kwenye kigoda chake.

"Mama, hii ni kazi yangu."

"Kazi yako redio. Hiyo umeshawahi kuifungua ikapona?"

Rafaeli aliacha skrubu aliyokuwa ameanza kuilegeza.

"Humo ndimo alimobaki kaka yako. Usimpasue kama samaki. Tafuta anayejua."

Jioni ile Bibi Nyangi aliwaita wajukuu, kama desturi yake.

"Kitendawili."

"Tega."

"Mwanangu yumo chumbani, anaimba, mlango sina."

Watoto walitazamana. Hyasinta, mtoto mkubwa wa Dafroza, alijibu polepole, "Kompyuta ya baba."

Kwa kawaida bibi angewasifu. Safari hii aliwaambia tu waende kula.

Boniphace alikumbuka kwamba makampuni mapya yanayonunua pamba Bunda yana kompyuta, na yana fundi wa kuzitengeneza. Akauliza, akaelekezwa. Kwaya ikachangishana. Dafroza na Rafaeli wakafunga diski kwa kitambaa kikavu, wakapanda basi la Bunda.

Fundi alikuwa mwanamke, jina lake Wegesa. Alisomea kazi hiyo Mwanza. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja karibu na stendi, kimejaa nyaya. Alipokea diski, akaigeuza, akaitazama kwa muda.

"Imefanywa nini hii?"

Dafroza alimtazama shemeji yake. Rafaeli alijikuna shingo.

"Tuliianika kidogo."

"Mliianika."

"Kwenye jua."

"Na skrubu hii ya pembeni imelegezwa na nani?"

"Ni mimi, dada. Lakini sikufungua. Mama alinizuia."

"Mshukuru mama yako. Ungeifungua, ningekurudishia papo hapo, mkaizike." Wegesa alivuta kiti. "Kaeni niwaeleze. Mmewahi kuona santuri ikizunguka, na sindano juu yake?"

"Tumeona," Dafroza alisema.

"Humu mna sahani kama santuri. Zinazunguka kwa kasi sana. Juu yake kuna kichwa kinachosoma. Ila kichwa hiki hakigusi sahani. Kinaelea juu yake, karibu mno, hata unywele hauwezi kupita. Vumbi likiingia, ni kama jiwe njiani. Ule mlio mliousikia ni kichwa kinatafuta njia, kinaikosa, kinarudi kuanza upya. Pengine tayari kinakwaruza sahani. Mlichoandika kipo juu ya sahani. Sasa kila mkiwasha, mnafanya nini?"

"Tunaikwaruza," Dafroza alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ndiyo. Siku ya kwanza mngeizima mkaileta. Sikulaumu, dada. Wengi wanafanyaga hivyo. Na jua limeongeza ugonjwa."

"Itapona?"

"Diski haitapona. Nitawapa nyingine. Swali ni kama yaliyomo yatatoka. Sitaiwasha kwenye kompyuta yenu. Nitaiunga kama diski ya pili kwenye kompyuta yangu, iwe inasomwa tu, bila kuandikwa chochote juu yake. Lakini inaweza kufa wakati wowote. Kwa hiyo niambie: unataka nini kwanza? Kile ambacho ukikikosa utalia."

Dafroza hakufikiri. "Wimbo wa mwisho. Una sauti nne."

Wegesa aliunga nyaya, akawasha. Ta, ta. Kimya. Ta. Kisha majina ya nyimbo yakatokea kwenye kioo, moja baada ya jingine. Dafroza alishika meza. Aliyajua yote, kwa maana mengi aliyaandika kwa mkono wake.

"Sauti ya kwanza," Wegesa alisema. Wakangoja. "Imetoka."

Rafaeli alivuta pumzi.

"Ya pili." Wakangoja tena. Mlio ukaanza upya, ta, ta, ta. Wegesa alibonyeza kitufe, akasubiri, akatikisa kichwa. "Imekaa palipokwaruzwa. Naruka. Ya tatu nayo hivyohivyo. Ya nne... imetoka."

"Rudia ya pili," Rafaeli alisema.

"Naweza kung'ang'ana nayo. Lakini kila nikirudia, diski inakaribia kufa. Ikifa, nyimbo nyingine zote zinabaki ndani. Amua wewe, dada."

Nje makondakta waliita abiria wa Mwanza. Dafroza alitazama yale majina. Kulikuwa na nyimbo za Pasaka, za harusi, za kubatiza watoto. Kulikuwa na misa nzima ambayo kwaya ya Kigera ilikuwa haijaijua yote. Sauti mbili zile mumewe alimtajia akiwa amelala, akipumzika kila baada ya herufi chache. Ya pili ilimchukua siku nzima. Alitaka kuikumbuka hata kidogo. Hakukumbuka kitu, ila vile alivyokuwa akikohoa.

"Ziache," alisema. "Chukua hizi nyingine, za watu."

"Shemeji," Rafaeli aliita.

"Nimesema chukua za watu, Rafaeli. Usinifanye niseme tena."

Wegesa alizitoa, moja moja. Nyingi zilitoka. Zilipokaribia kwisha, diski ililia mara moja kwa nguvu, ikanyamaza. Wegesa aliigusa.

"Imekufa," alisema.

Kabla hawajaondoka, Wegesa alijaza nyimbo kwenye disketi, zile bapa ndogo za plastiki, akaziweka mezani kwa mafungu.

"Diski mpya hii nayo itakufa siku moja," alisema. "Kila diski inakufa. Kwa hiyo kitu kisikae mahali pamoja. Fungu moja weka nyumbani, mbali na maji na joto. Fungu la pili weka nyumba nyingine. La tatu mji mwingine kabisa. Ukiandika wimbo mpya leo, leo hiyohiyo unakili. Disketi nazo zinazeeka, kwa hiyo kila baada ya miezi michache zijaribu kama zinasoma. Na uchapishe kwenye karatasi pia."

"Na karatasi tusizike," Rafaeli alisema.

Dafroza alimtazama. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi mdomo wake kulegea kidogo.

Alifanya kama alivyoambiwa. Fungu moja lilikaa ndani ya kopo kavu, kabatini. La pili alilitunza Boniphace. La tatu Dafroza alilipeleka Butiama kwa dada yake, Marcelina, ambaye aliliweka pamoja na vyeti vya watoto. Paa likazibwa. Rafaeli aliiunga kompyuta na diski mpya kama Wegesa alivyomwelekeza, na Dafroza akaizoea desturi ile ya kunakili, kama mtu anavyozoea kufunga mlango.

Mwezi wa tisa umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo. Taa zilipasuka mtaa mzima. Kompyuta ilitoa moshi, na diski mpya ikaungua pamoja nayo. Watu walikuja kumpa Dafroza pole.

"Asanteni," aliwaambia. "Kilichoungua ni chuma."

Alizijaribu disketi za kabatini kwenye kompyuta ya Wegesa, huko Bunda. Mbili zilikataa kusoma. Akaenda Butiama kuchukua zile za Marcelina. Zilisoma zote. Haukupotea hata wimbo mmoja. Kwaya ikaendelea na mazoezi.

Mwaka ulipotimia, walikwenda Nyegina. Waliimba nyimbo nyingi za Bernado, na waliokuwapo walishangaa kusikia misa nzima ambayo hawakuwahi kuisikia. Mwishoni wakalizunguka kaburi kuimba ule wimbo aliouagiza.

Boniphace alikuwa amependekeza kutunga sauti zilizokosekana. Dafroza alikataa: nafasi ya Bernado asiijaze mtu. Basi wanawake wa sauti ya kwanza wakaanza, juu kabisa, na wanaume wa sauti nzito wakawajibu kutoka chini. Katikati hapakuwa na kitu. Wale wa sauti ya pili na ya tatu walisimama mahali pao, karatasi tupu zisizo na nota mikononi, midomo imefungwa. Penye zamu yao, kwaya nzima ilingoja.

Bibi Nyangi alimvuta Dafroza nguo. "Wale mbona hawaimbi?"

"Sauti zao hatukuziwahi, mama."

Bibi Nyangi aliwatazama wale walionyamaza, mmoja mmoja, mpaka wimbo ukaisha.